Miaka mitatu nikitibiwa vidonda vya tumbo, kumbe ugonjwa ulikuwa wazi vidoleni

Mshona Kofia (Langoni, Lamu)

Assalamu alaykum, ndugu na jamaa. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika kwa siku tatu kwa sababu vidole vyangu haviniruhusu kubonyeza simu zaidi ya robo saa. Namwandikia yeyote anayemeza dawa za vidonda vya tumbo mwaka wa pili au wa tatu bila nafuu, na huku vidole vyake vinakufa ganzi akishika kitu cha baridi. Kama ni wewe, au ni mamako, soma mpaka chini.

Kazi yangu ni kushona kofia. Nilifundishwa na nyanya yangu nikiwa na miaka 12, na wanaoijua kazi hii wanajua ilivyo: kitobo kimoja kimoja, kila kimoja kizungushwe uzi mpaka kisimame, na kofia moja yaweza kula miezi. Pamoja na kofia nilikuwa na friza, nauza barafu za ukwaju na za maembe kwa watoto wakitoka chuoni. Riziki yangu yote iko vidoleni, na vidole ndivyo vilivyonena kwanza.

Mwaka 2019, kusi limeshika, nikaona kila nikitia mkono kwenye friza vidole viwili vya mkono wa kulia vinakufa. Sindano siihisi. Ncha zinakuwa nyeupe kama chokaa, zinakaa hivyo dakika 10, zinageuka rangi ya damu iliyovia, kisha damu ikirudi zinawaka kana kwamba nimeshika sufuria ya moto. Baadaye yakawa yananipata hata bila friza: udhu wa alfajiri tu, maji ya birika lililolala uani. Ngozi yangu ni nyeusi, weupe ule ulionekana upande wa viganja na kwenye ncha tu, na nusu ya mwaka ncha zenyewe zina hina kwa ajili ya harusi za watu. Hata mume wangu hakuwahi kuuona. Duka la dawa waliniambia damu haizunguki vizuri, wakanipa vitamini.

Tumbo lilikuja 2021. Kwanza kiungulia cha kawaida, cha bajia na achari. Kisha kikawa cha kila siku, hata nikinywa uji mtupu. Kisha chakula kikaanza kukwama, si kooni, hapana, hapa katikati ya kifua nyuma ya mfupa. Mofa nikawa siuwezi ila niurowanishe kwenye mchuzi mpaka usambaratike. Wali ukikwama naondoka sahanini, natembea ukumbini, nakunywa maji kidogo kidogo, nausikia ukiteremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Usiku nikilala maji machungu yanapanda mpaka puani, naamka nakohoa.

Nilipimwa kile kidudu cha tumbo, H. pylori, kikapatikana. Nikapewa dozi ya siku 14. Nikapata nafuu wiki mbili, ikarudi. Mahali pengine wakanipa dozi ya pili. Mwaka uliofuata, mahali pa tatu, dozi ya tatu. Sisemi walinidanganya, kidudu kilikuwapo kweli, na watu wengi huku kwetu wanacho. Ninachosema ni kwamba jibu likishapatikana, hakuna aliyeendelea kuuliza.

Na mwili wakati wote ulikuwa unaendelea kusema. Vidole vilivimba kwanza vikawa kama ndizi mbichi, pete ya ndoa ikakwama. Uvimbe ukapungua, ngozi ikabaki imekaza na kung'aa. Usoni makunyanzi yakaondoka. Wanawake harusini wakinisifu, eti nimerudi usichana, nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Mwaka 2023 daktari wa meno akaniambia nifungue mdomo zaidi, nikamwambia huu ndio mwisho wake. Uzito ulikuwa kilo 68, ukashuka hadi 51. Mtaani wapo waliosema ni sukari, wapo waliosema ni kijicho.

Februari 2024 kikohozi cha usiku kikanipeleka Mombasa. Boti mpaka Mokowe, kisha basi kutwa nzima. Daktari alikuwa binti mdogo, nadhani hajafika miaka 30. Akachukua kile kidude cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni ya damu. Kikawakawaka, namba haiji. Akahamisha kidole cha pili, haiji. Cha tatu, haiji. Wengine wangesema betri imekwisha. Yeye akaweka kidude mezani, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama, mbona mkono baridi hivi, na humu ndani joto?" Akajaribu kubana ngozi ya mgongo wa kidole, haikubanika. Akauliza pete ilitoka lini mara ya mwisho. Akaniambia niingize vidole vyangu vitatu mdomoni vikiwa vimesimama. Kilipita kimoja na nusu. Ndipo akauliza, "Na chakula je, kinateremka?"

Nililia pale pale. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza habari za vidole na habari za tumbo katika chumba kimoja.

Ugonjwa unaitwa skleroderma, na ukiingia viungo vya ndani madaktari huuita sklerosisi ya mwili mzima. Jina ni la Kigiriki, maana yake ngozi ngumu, na kwa maoni yangu jina hilo lina lawama yake, maana linamfanya mtu aangalie ngozi tu. Kinga ya mwili inageuka kuupiga mwili wenyewe. Vishipa vidogo vya damu vinaumia, na mwili unatengeneza kolajeni kupita kiasi, ile nyuzinyuzi ya kovu, ngozini na ndani pia. Hauambukizi. Wanawake wanaupata mara nyingi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 30 na 50 na kitu.

Damu ikapelekwa Nairobi: kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoupiga mwili wenyewe, kikaja chanya, na kingamwili inayoitwa Scl-70 chanya. Nikanyweshwa bariamu, ile dawa nyeupe kama chokaa, huku eksirei inapiga. Nikisimama inateremka kwa uzito wake. Walipolaza meza, ikasimama umioni, lile bomba la kupitisha chakula kutoka kooni mpaka tumboni, haiendi mbele wala nyuma. Niliiona kwa macho yangu kwenye kioo. Kamera ya tumbo ikaonyesha sehemu ya chini ya umio imebabuka kwa asidi. Tumboni kwenyewe hapakuwa na kidonda hata kimoja.

Siku hizi nala, nalala, na nimefika kilo 57. Nitaeleza dawa na mengineyo mkiuliza. Ila hili nalisema sasa hivi: ukienda kwa daktari kwa ajili ya kiungulia kisichosikia dawa, weka mikono yako mezani na useme vidole vinafanyaje penye baridi. Usingoje aulize.

Baba Swabra (Mkomani, Lamu)

Pole sana dadangu. Nimeusoma mara mbili. Mke wangu ana maradhi haya haya, yeye yalimkalia zaidi chini, matumboni, na karibu apasuliwe bure. Nitaandika jioni nikitoka kazini.

Mja wa Mungu (Malindi)

Mama, Mungu akuzidishie afya. Sipingi hospitali, lakini maradhi yanayohamahama, leo vidole kesho tumbo keshokutwa mapafu, wazee wetu walikuwa wakiyaangalia kwa jicho jingine. Je, ulijaribu kusomewa?

Mshona Kofia

Nilisomewa, na kombe nilikunywa, tena kwa imani, na sijuti. Maalim aliyenisomea ni mtu mwema, na ndiye aliyeniambia baada ya wiki tatu, "Mwanangu, dua haina ugomvi na daktari, nenda." Kuhamahama kwake kuna sababu: vishipa vidogo vya damu viko kila mahali mwilini, na ugonjwa unapita humo. Ninachowaomba jamaa ni kwamba kisomo kisimzuie mtu kupima. Mimi nilichelewa mapafu yakapata makovu madogo chini, na kovu la mapafu halirudi kuwa pafu.

Muuguzi wa Zamu (Malindi)

Ahsante Mama kwa kuandika. Mimi ni muuguzi, miaka 17 wodini, na wagonjwa wa skleroderma niliowaona kwa macho hawajai viganja viwili. Acha niongeze kwa nini umio ndio unaoumia mapema, kwa sababu ukilielewa hili mengine yote yanafuata.

Umio ni bomba la misuli. Sehemu ya juu ni misuli tunayoweza kuiamuru, kama ya mkono. Theluthi mbili za chini ni misuli laini, inayojiendesha yenyewe kwa mawimbi. Skleroderma inaila hiyo ya chini: inasinyaa, mahali pake pakaingia kovu. Kwa hiyo mgonjwa anameza tonge vizuri kooni, kisha linasimama kifuani, sawasawa na alivyosema Mama. Chini kabisa pana mlango wa msuli unaofunga ili asidi isipande. Nao unalegea. Mtu mwenye kiungulia cha kawaida asidi ikipanda, wimbi la umio huirudisha chini. Huyu mlango wake uko wazi na wimbi hana, basi asidi inakaa usiku kucha, nyingine inaingia njia ya hewa, ndiyo kile kikohozi. Miaka ikipita umio unaweza kubana kwa makovu, au chembe zake zikabadilika kuelekea saratani, kwa hiyo kamera ya mara kwa mara ina maana yake.

Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wanaguswa mahali fulani kwenye njia ya chakula, kuanzia mdomo mpaka njia ya haja kubwa. Sasa tazameni ajabu hii. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani na Ulaya walikubaliana mfumo wa alama za kuutambua ugonjwa. Ngozi ya vidole vya mikono miwili ikikaza kuvuka vifundo vinavyounganisha vidole na kiganja, hiyo pekee ni alama 9, na 9 zinatosha. Vidole kufa na kubadilika rangi kwa baridi, ile hali iitwayo Raynaud, ni 3. Kingamwili zake ni 3. Vishipa vya mzizi wa ukucha vikiharibika ni 2. Mapafu yana alama zake. Tumbo? Halina hata moja. Si kwamba hawakujua, ni kwamba kiungulia kina sababu elfu na hakitofautishi ugonjwa huu na mwingine. Lakini matokeo yake ni kuwa anayelitazama tumbo peke yake hawezi kufika.

Kuhusu mzizi wa ukucha: daktari anaweza kuweka tone la mafuta pale ngozi inapokutana na ukucha, akatazama kwa lenzi yenye taa. Vishipa vya mtu mzima kiafya vimepangika kama meno ya kitana. Vya skleroderma vingine vimevimba, vingine vimetoweka, pamebaki mapengo. Hina na piko vinaziba kabisa, na hata kile kidude cha oksijeni vinaweza kukichanganya, mbali na ubaridi wenyewe.

Na kipimo cha ANA msikikimbilie peke yake. Wagonjwa wengi mno wa skleroderma wanacho chanya, lakini hata watu wazima wa afya huwa nacho chanya. ANA bila mikono ni karatasi tu.

Jambo moja la hatari nalisema kwa herufi nzito: msinunue predinisoloni dukani kwa ajili ya viungo kuuma. Huku pwani tunaiona sana, vidonge vya "kuondoa maumivu" vinavyonenepesha uso. Kwa mwenye skleroderma dozi kubwa, kuanzia miligramu 15 kwa siku na kuendelea, inaongeza hatari ya figo kufunga ghafla. Presha inapanda kwa siku chache, kichwa kinapasuka, macho yanafifia. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kuna dawa, kundi la kaptopirili, na tangu zianze kutumika wengi wamepona waliokuwa wakifa, lakini lazima mtu afike mapema. Mwenye ugonjwa huu awe na mashine ya presha nyumbani.

Mwana wa Siyu

Naomba mnisaidie. Mamangu ana miaka 52. Ana madoa meupe kifuani na shingoni, yana vitone vyeusi vyeusi ndani yake, kama mtu aliyemwagiwa chumvi iliyochanganyika na pilipili manga. Watu wa kwanza walisema mbalanga. Akapimwa ukoma, hana. Ngozi inamwasha sana. Vidole vimepinda havinyooki. Na anakunywa omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, tangu sijui lini. Sikuwahi kuyaunganisha mpaka leo.

Muuguzi wa Zamu

Mwanangu, hayo madoa umeyaeleza kama kitabu. Kwa ngozi nyeusi ni alama inayojulikana, na hata madaktari huiita hivyo hivyo, chumvi na pilipili: rangi inatoka, inabaki kuzunguka vinyweleo. Siwezi kumpima mtu mtandaoni, lakini huyo anatakiwa aonwe, na si na mtu wa ngozi peke yake. Muulize mambo matatu: vidole vinabadilika penye baridi? Chakula kinakwama? Anapumua vipi akipanda ngazi? Na usimwache aende peke yake, maana wazee wetu hupunguza. Ukimuuliza kama anaumwa atakwambia "kidogo tu".

Baba Swabra

Nimerudi. Mke wangu alijulikana ana skleroderma tangu 2020, kwa hiyo sisi jina tulilijua. Tusilolijua ni kwamba utumbo nao unalala.

Alianza na gesi. Akila mbaazi na mahamri asubuhi, adhuhuri tumbo limejaa kama mimba ya miezi sita, watu wanampongeza. Kisha akaharisha miezi miwili, choo cha mafuta, kinaelea, kina harufu kali. Kisha kikafunga. Siku moja tumbo likavimba, matapishi, choo hakuna, hewa haitoki. Tulimkimbiza hospitali moja, eksirei ikaonyesha utumbo umejaa hewa na maji, daktari wa upasuaji akasema utumbo umefunga, apelekwe chumba cha upasuaji usiku ule. Karatasi ya kutia sahihi ikaletwa.

Nilikuwa na barua ya daktari wake wa Mombasa kwenye mfuko wa kanzu. Sijui kwa nini niliibeba. Nikampa yule daktari wa upasuaji, akaisoma amesimama, akaisoma tena. Akapiga simu. Akarudi akasema tungoje. Wakampitisha mrija puani mpaka tumboni, wakamwekea maji ya mshipa, wakamfanyia siti skani kesho yake: hapakuwa na kitu chochote kilichoziba. Utumbo ulikuwa haujafungwa, ulikuwa hausukumi. Siku ya nne hewa ikatoka, nikamshukuru Mungu kwa sauti hiyo kuliko nilivyowahi kushukuru kwa jambo lolote.

Simlaumu daktari. Kwa macho picha ni ile ile. Ninachosema, kila mgonjwa atembee na barua.

Muuguzi wa Zamu

Kaka, barua ile ilimwokoa. Kufunga kwa uongo ndivyo kunavyoelezwa: dalili zote za utumbo kuziba, na kizibo hakuna. Kumpasua mtu huyo kunaweza kuuzidisha ulegevu wa utumbo, kwa hiyo kama hali inaruhusu watu huthibitisha kwanza.

Na ile gesi na kuharisha kwa mwanzo: utumbo mwembamba usiposukuma, chakula kinakaa kama maji ya dimbwi, bakteria wanazaana mahali ambapo hawatakiwi kuwa wengi. Wanakula kabla ya mtu kula, wanatoa gesi, mafuta hayafyonzwi, vitamini B12 inapungua. Tiba yake ni antibaiotiki kwa muda, na wengine hupewa kwa zamu, mwezi huu hii, mwezi mwingine ile, ili bakteria wasizoee. Watu hushangaa: antibaiotiki kwa mtu asiye na homa?

Jingine, kwa sababu halisemwi. Msuli wa njia ya haja kubwa nao unaweza kulegea. Wanawake wanaacha kwenda harusini, wanaacha kusafiri, na hawamwambii mtu sababu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambieni daktari. Yako mazoezi, ziko dawa.

Na mwenye skleroderma ambaye damu inapungua kila mara, anapewa vidonge vya chuma na haipandi: aombe kamera ya tumbo. Kuna vishipa hupanuka kwenye sehemu ya chini ya tumbo, vinapanga mistari myekundu, wanaita tumbo la tikitimaji. Vinavuja damu pole pole bila maumivu. Vinachomwa kwa kamera hiyo hiyo.

Mja wa Mungu (Malindi)

Ahsanteni, nimeelewa. Mama, Ramadhani unafanyaje?

Mshona Kofia

Swali zuri, na ndilo lililonitesa zaidi kuliko maumivu.

Ramadhani ya kwanza baada ya kupimwa nilifunga kwa ukaidi. Mchana nilikuwa salama. Taabu ni usiku: tumbo langu linachelewa kumwaga chakula, nami nalijaza futari ya saa moja kwa pupa, kisha daku, kisha nalala. Siku ya sita nikatapika daku yote usingizini, nikakohoa mpaka mume wangu akadhani roho inatoka. Daktari akanikataza kufunga, kwa sababu ya uzito na ya mapafu. Nilikwenda kwa maalim na maneno ya daktari, akanisomea aya ya 184 ya Sura ya Baqara, akanihesabia fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Nililia, kisha nikapika. Sasa nalisha watu, na mkono wangu uko katika futari ya mwingine. Lakini kila mtu aulize daktari wake na shekhe wake, hali hazifanani.

Sala nayo. Nikisujudu asidi inamiminika kinywani, maana kichwa kiko chini na mlango uko wazi. Nasali kwenye kiti, naashiria. Udhu nachukua kwa maji ya uvuguvugu. Nimenunua chupa ya chai maalumu, naijaza usiku, alfajiri nachanganya.

Chakula: nala mara sita kidogo kidogo badala ya mara mbili sana. Cha mwisho ni saa kumi na mbili jioni, silali kabla ya saa tatu au nne usiku. Samaki wa kupaka ni rafiki yangu, akiwa laini na bila pilipili. Viazi vya nazi nzito, bajia, ndimu, achari, nimeviaga. Mboga za nyuzi nyingi na kunde zilinijaza gesi, nimepunguza. Kahawa ya tangawizi barazani naitamani mpaka leo, sitasema uongo.

Kitanda: fundi alinikatia vipande viwili vya mti, kama sentimita 20, tukaviweka chini ya miguu ya kichwani. Mito mingi haisaidii, inakukunja kiuno na kulibana tumbo. Kitanda chote kiinuke.

Omeprazoli naimeza asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Miaka yote nilikuwa naimeza baada ya chakula, kiungulia kikishaanza, na hakuna aliyenisahihisha. Kwa vidole nilipewa nifedipini, dawa ya kupanua mishipa ya damu. Ilinisaidia vidole lakini ikaongeza kiungulia, kwa sababu nayo inalegeza ule mlango. Daktari akapunguza. Kwa mapafu na ngozi nipo kwenye mikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, na kila baada ya miezi kadhaa napuliza kile kipimo cha pumzi. Friza nimemwachia dada yangu, nami navaa glavu za sufi nikiingia duka lenye eysii. Watu wa Lamu wananitazama, glavu kwenye joto hili. Waache watazame.

Msomaji wa Mkunguni

Kuna mchoraji Paul Klee, alizaliwa Uswisi. Aliugua mwaka 1935 na hakuna aliyeliandika jina la ugonjwa wake akiwa hai. Waliokuja baadaye walisoma barua zake na kuutambua kuwa skleroderma. Alishindwa kumeza vyakula vigumu, akawa anakula vya kupondwa. Mwaka 1939 katika hali hiyo alitengeneza kazi zaidi ya 1,200. Alifariki tarehe 29 Juni 1940, na tarehe hiyo ndiyo siku ya skleroderma duniani. Nimeona nikuletee wewe mshonaji.

Mshona Kofia

Umenipa zawadi. Mimi mwaka huu nimemaliza kofia moja. Sindano nene zaidi, uzi mnene zaidi, lakini imesimama.

Mwana wa Siyu

Nimemuuliza mamangu yale mambo matatu. La kwanza alisema ndiyo, tangu nikiwa mtoto wa chuo. La pili akanyamaza, kisha akaniambia kwa muda mrefu amekuwa akingoja sote tumalize kula ndipo ale, ili tusimwone akisimama katikati ya chakula. Mimi nakaa naye nyumba moja.

Nimepata miadi Mombasa Jumatatu. Tutashuka Lamu Jumamosi, tulale, tupande basi la alfajiri. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi moja: vidole mwaka gani, kumeza mwaka gani, dawa zote alizokunywa. Kuna jingine la kukumbuka?

Mshona Kofia

Lalieni kwangu Langoni, mtu yeyote hapo atawaonyesha nyumba ya bibi wa kofia. Kwenye basi mkalishe mbele, na asile kitu kizito kabla ya Garsen, maana akiinama kifua kitamwaka. Mchukulie uji kwenye chupa na kanga ya kumfunika mikono, mabasi mengine yanapuliza baridi. Na kama kuna harusi wiki hii huko Siyu, mwombe asitie hina kuchani.